Kuchagua tyuna ya injekisheni kwa pikipiki iliyobadilishwa: mwongozo kamili kwa mwendeshaji wa Lubumbashi

Ukibadilisha bomba la moshi na filta ya hewa kwenye pikipiki ya kabureta, fundi yeyote wa Katuba au wa komini ya Kenya atafungua kabureta, atatoa jeti ndogo (kitundu kinachopitisha mafuta), ataweka kubwa kidogo, na jioni unarudi nyumbani. Kwenye pikipiki ya injekisheni hakuna jeti. Kuna ECU, kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti au chini ya tangi, na ndani yake kuna jedwali linaloamua injekta, kidude kinachopuliza mafuta, ifunguke kwa muda gani. Jedwali hilo liliandikwa kiwandani kwa ajili ya bomba la kiwandani na filta ya kiwandani. Ukivibadilisha, ECU haina habari. Hapo ndipo watu huanza kutafuta tyuna, yaani kifaa cha kurekebisha hesabu ya mafuta ya ECU, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu wengi huanza na jina la kifaa waliloliona kwenye video badala ya kuanza na pikipiki yao wenyewe.

Msimamo wangu ni huu: tyuna ya kununua ni ile ambayo wewe na fundi wako mtaweza kupima kazi yake, kuirekebisha, na kurudisha pikipiki katika hali yake ya mwanzo mkiwa hapahapa Lubumbashi. Kifaa chenye uwezo mkubwa ambacho hakuna wa kukipima mjini kinaweza kuua injini haraka kuliko kifaa cha kawaida kinachopimika.

Kwanza: je, unaihitaji kweli?

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini, zile Boxer na TVS za cc 100 hadi 150, bado ni za kabureta. Ukiona koki ya mafuta chini ya tangi na mkono wa choki, tyuna si yako. Pikipiki ya injekisheni inajitambulisha yenyewe: washa ufunguo bila kupiga stata, utasikia pampu ikivuma sekunde mbili tatu ndani ya tangi, na taa ya injini itawaka kisha itazimika. Katika kundi hili zimo Bajaj Dominar 400, KTM 390 Duke, Honda CRF250L, Yamaha XT660Z Ténéré, Suzuki V-Strom 650, Honda Africa Twin CRF1000L, BMW R1200GS na Harley-Davidson zote za miaka hii. Teknolojia yenyewe si ya jana. Kawasaki iliuza Z1000-H1 yenye injekisheni mwaka 1980.

Sasa chukua karatasi uandike kila kilichobadilishwa, pamoja na alichobadilisha mwenye pikipiki kabla yako. Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua tyuna.

Umebadilisha silensa ya nyuma tu, huku mabomba ya mbele, katalisti (sehemu ya bomba inayosafisha moshi) na filta vikiwa vya kiwandani? Mara nyingi huhitaji kitu. Kelele imeongezeka, hewa inayopita injini haijaongezeka sana, na ECU yenye sensa ya oksijeni itafidia tofauti ndogo. Weka pesa zako kwenye matairi na breki.

Bomba zima limebadilishwa na sanduku la filta limefunguliwa? Hapo mafuta yanahitaji kurekebishwa, hasa gesi, yaani mkono wa kuongeza mwendo, ikiwa wazi kati na kati.

Kamshafti mpya, yaani mhimili unaofungua vali? Mafuta peke yake hayatoshi. Muda wa cheche unapaswa kubadilika, na ralanti, yaani mzunguko wa injini bila gesi, itahitaji kupangwa upya. Silinda kubwa, injekta kubwa au turbo? Hapo unahitaji kifaa kinachoingia ndani kabisa ya ECU au kinachochukua nafasi yake.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Kupasukapasuka kwenye bomba unapoachia gesi, kusitasita unapofungua gesi kidogo, na plagi nyeupe mno ni dalili za mafuta machache, lakini ni dalili pia za hewa inayovuja. Hewa ikiingia kwenye kiungo kilicholegea cha bomba la moshi, au kwenye mpira uliopasuka kati ya injini na vali ya hewa, pikipiki italalamika vilevile. Tyuna haizibi tundu.

ECU inafikiri nini

Ili petroli iungue yote, kila kilo 1 ya mafuta inataka takriban kilo 14.7 za hewa. Injini haitoi nguvu yake kubwa hapo; inaitoa ikipewa mafuta zaidi kidogo, karibu 13 kwa 1. Ukisafiri polepole kwa gesi ndogo, 14 hadi 14.7 inatosha na inaokoa esanse, yaani petroli. Mchanganyiko hafifu mno gesi ikiwa wazi yote unapandisha joto hadi pistoni itoboke. Ukiwa mzito mno, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, plagi huwa nyeusi, na tangi linaisha kabla hujafika Likasi na kurudi.

ECU haipimi uwiano huo kila wakati. Mara nyingi inakisia hewa iliyoingia kwa kuangalia gesi imefunguliwa kiasi gani na injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, au kwa kuangalia shinikizo ndani ya njia ya hewa, kisha inarekebisha kwa joto la hewa, joto la injini na shinikizo la anga. Ukiwa kwenye mwendo mdogo na wa kutulia, pikipiki zenye sensa ya oksijeni husoma moshi na kujisahihisha. Ukifungua gesi yote, ECU inaacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali tu.

Sensa ya kiwandani kwa kawaida ni ile nyembamba. Inajua kitu kimoja: uko juu au chini ya 14.7. Haiwezi kukuambia kwamba uko 13.1. Inayoweza ni sensa pana, kama Bosch LSU 4.9, ambayo inasoma namba yenyewe. Ukiielewa tofauti hii, umeshaelewa nusu ya matangazo ya tyuna. Kifaa kinachoahidi kujirekebisha chenyewe bila sensa pana hakiwezi kujua kinachoendelea pale injini inapofanya kazi ngumu zaidi.

Familia nne za tyuna

Familia ya kwanza ni vidude vya kudanganya sensa. Kimoja huunganishwa kwenye sensa ya joto la hewa na kuifanya ECU iamini hewa ni baridi kwa nyuzi 20 hivi kuliko ilivyo, kwa hiyo inaongeza mafuta karibu asilimia 6. Ni rahisi, hutolewa kwa dakika tano, na kwa pikipiki iliyobadilishwa kidogo tu kinaweza kulainisha ralanti na mwendo wa mjini. Hakichagui mahali pa kuongeza, ndiyo maana sikipendekezi kwa injini iliyoguswa kwa kina.

Ya pili ni visanduku vya kati. Kisanduku hukaa kati ya ECU na injekta, hupokea ishara ya ECU, hurefusha au kufupisha muda wa kufunguka, kisha huipeleka kwa injekta. Power Commander ya Dynojet ndiyo inayojulikana zaidi. Rapid Bike inatoka Italia. PowerTRONIC ya India ina matoleo ya pikipiki kama Dominar na KTM 390, na inagusa cheche pia. ECU ya asili inabaki bila kuguswa. Ukiuza pikipiki unachomoa kisanduku, unaunganisha plagi zake za asili, na imerudi kama ilivyotoka dukani. Udhaifu wake ni kwamba vingi vinagusa mafuta tu, na ECU yenye sensa inaweza kupigana navyo: kisanduku kinaongeza, ECU inaona moshi mzito, inapunguza. Ndiyo sababu visanduku vingine huja na kiziba cha sensa, ili ECU iache kuingilia.

Ya tatu ni kuflashi. Mafundi simu wa mjini wanalijua neno hili: unaandika upya programu ndani ya ECU yenyewe. Kwa Harley kuna Power Vision ya Dynojet na FP3 ya Vance & Hines inayotumia simu; kwa Kijapani nyingi kuna Woolich Racing. Hapa unafikia kila kitu: mafuta, cheche, kikomo cha mizunguko, joto la kuwasha feni, ralanti. Hakuna waya mpya wa kukatika kwenye mashimo ya barabara. Lakini mkono ukikosea, umekosea ndani ya ubongo wa pikipiki.

Ya nne ni ECU mbadala, kama ThunderMax kwa Harley, aRacer kwa pikipiki ndogo, au MicroSquirt kwa mtu anayejenga kila kitu mwenyewe. Hii ni kazi ya injini ya mashindano au ya turbo. Kwenye pikipiki mpya, dashibodi, ABS (breki zisizofunga magurudumu) na kufuli la ufunguo huzungumza na ECU ya asili. Ukiitoa, baadhi ya vitu hivyo vinaweza kunyamaza. Kwa mtu anayeendesha kila siku kati ya mtaa wa Golf na mjini, siioni sababu.

Lubumbashi inabadilisha hesabu

Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni takriban kPa (kilopaskali) 88, wakati pwani ni 101. Maana yake kila mpigo wa pistoni unavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 13. Ramani nyingi za bure unazopakua, yaani majedwali ya mafuta yaliyokwisha andaliwa, ziliandikwa kwenye miji ya chini. Ikiwa pikipiki yako ina sensa ya shinikizo la anga, ECU itapunguza mafuta yenyewe na ramani itakaa karibu na ukweli. Ikiwa haina, au imekufa, ramani ya pwani itakuwa nzito hapa, utaona plagi nyeusi, na utalaumu tyuna bure. Kabla ya kununua chochote, soma thamani ya sensa hiyo kwa kifaa cha kusomea makosa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa. Ikionyesha kPa 87 au 88, iko hai.

Hili lina maana pia kwa safari. Kwenda Kolwezi hakubadilishi sana. Kushuka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika lililo karibu mita 770, kunaongeza hewa kwa takriban asilimia 5. Ramani uliyoibana mpaka mwisho hapa Lubumbashi, kwenye pikipiki isiyopima anga, itakuwa hafifu kule. Acha nafasi.

Mafuta ni jambo la pili. Ramani iliyoandikwa kwa petroli ya okteni 98 na cheche iliyosogezwa mbele itafanya injini igonge ukiweka petroli ya okteni ndogo. Sikiliza mlio wa chuma kama kokoto kwenye kopo unapofungua gesi kwa gia kubwa. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo, unapopakua au kuagiza ramani, chagua iliyoandikwa kwa petroli ya kawaida, na usiguse cheche mpaka mafuta yawe sawa. Petroli ya chupa kwa Kadhafi, muuza petroli wa barabarani, itakufikisha nyumbani ukikwama, lakini usifanye vipimo nayo, kwa sababu huwezi kujua imechanganywa na nini na imekaa juani muda gani. Jaza kituo kimoja, kilekile, katika kipindi chote cha kurekebisha.

Jambo la tatu ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba njia za udongo mwekundu zinafunika kila kitu. Filta ya wazi ya koni inayoonekana vizuri kwenye picha inaruhusu vumbi zaidi, na ile iliyojaa vumbi inabadilisha hewa inayoingia, kwa hiyo ramani yako ya Juni si ya Septemba. Ningeacha sanduku la filta la kiwandani likae mahali pake, niweke filta ya sponji yenye oili, nipoteze nguvu kidogo, na injini iishi.

Nani atapima?

Swali hili linapaswa kuja kabla ya bei. Njia bora ni daino, mashine yenye roli inayopima nguvu huku sensa pana ikisoma moshi. Uliza kwanza kama kuna unayoweza kuifikia, au kama safari ya Afrika Kusini imo kwenye mipango yako. Kama jibu ni hapana, bado una njia mbili nzuri.

Ya kwanza ni tyuna yenye moduli ya sensa pana inayojirekebisha wakati unaendesha. Gharama yake mara nyingi inakaribia bei ya tyuna yenyewe, na ningependa ununue kisanduku cha bei ya kati pamoja na moduli hiyo kuliko kuflashi kwa kifaa cha gharama bila kipimo. Ya pili ni tyuna inayorekodi data. Unaendesha, unahifadhi faili, unaituma kwa mtaalamu wa mbali, anakurudishia ramani mpya, unaendesha tena. Hii inahitaji subira na intaneti, lakini imewasaidia watu wengi wanaoishi mbali na daino.

Ukichagua sensa pana, kuna kazi ya uchomeleaji. Nati yenye uzi wa M18x1.5 inachomelewa kwenye bomba la mbele, kabla ya katalisti na silensa, na sensa iinuliwe angalau nyuzi 10 kutoka usawa ili maji ya moshi yasitulie ndani yake. Mchomeleaji wa mageti anaweza kuifanya, lakini atoe bomba kwenye pikipiki kwanza na akate waya wa betri. Kiungo kilichovuja hapo kitaingiza hewa na kuifanya sensa iseme uongo kwamba mafuta ni machache. Usitumie gundi ya silikoni karibu na sensa, na usiwashe injini muda mrefu huku sensa imefungwa lakini haijaunganishwa na umeme, kwa sababu itaharibika.

Kununua bila kuumia

Piga picha ya namba ya chasisi na lebo ya ECU, zote mbili. Pikipiki zinazofika kwetu hutoka Dubai, Japani, Ulaya, Afrika Kusini, na modeli yenye jina moja inaweza kuwa na ECU tofauti kwa kila soko. Kwa zile za soko la Marekani, alama ya kumi ya namba ya chasisi inaonyesha mwaka wa modeli. Mtumie muuzaji picha hizo na umwombe athibitishe kwa maandishi kwamba kifaa kinaikubali pikipiki yako. Muuzaji anayejibu "inafaa zote" muache.

Angalia programu inahitaji nini. Nyingi zinataka laptopu yenye Windows, nyingine simu tu. Jiulize kama inafanya kazi bila intaneti baada ya kusajiliwa.

Vifaa vya mtumba vinahitaji uangalifu wa pekee. Tyuna nyingi za kuflashi hufungwa na namba ya pikipiki ya kwanza. Kama mwenyewe hakuirudisha programu ya asili kwenye pikipiki yake kabla ya kuuza, wewe umenunua plastiki, au italazimu ulipe leseni nyingine. Muulize waziwazi: "Papa, hii ilikuwa ku moto (pikipiki) gani mbele? Na programu ya zamani ulirudisha?" Kisha iunganishe mbele yake na uone inachosema kwenye skrini. Kisanduku cha kati hakina shida hiyo, lakini hakikisha plagi zake ni za modeli yako. Kukata na kuunga waya wa injekta ni kuomba matatizo msimu wa mvua.

Mzigo ukitoka Johannesburg utapita Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo weka ushuru na usafiri kwenye bajeti tangu mwanzo, na uagize nati ya sensa, gasketi za bomba na filta katika mzigo huohuo.

Kuandaa injini

Tyuna inafanya kazi juu ya injini nzima tu. Pima nafasi za vali. Weka plagi mpya za namba sahihi. Safisha vali za hewa na zisawazishe kama silinda ni mbili au zaidi. Pima shinikizo la pampu: pikipiki nyingi za Kijapani zinataka karibu bar 3, na Harley karibu 4. Filta ya pampu iliyojaa uchafu itashusha namba hiyo, na hakuna ramani itakayoiokoa.

Kisha hesabu kama injekta zako zina nafasi ya kuongeza. Injini ya mipigo minne inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 120,000 ukigawanya kwa mizunguko ya dakika. Kwenye 9,000 unapata 13.3. Kama data inaonyesha injekta inafunguka milisekunde 9 hapo, inatumika asilimia 68 ya muda. Ukiongeza mafuta kwa asilimia 15, inafika milisekunde 10.35, karibu asilimia 78. Bado uko salama. Ukivuka 85, injekta haipati muda wa kufunga vizuri, na hapo unahitaji injekta kubwa.

Siku ya kufunga

Betri ijae, isome angalau volti 12.6. Ukiflashi, laptopu iwe imejaa chaji na itumie betri yake, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, ECU inaweza kubaki haina programu na pikipiki haitawaka tena. Zima taa na feni, usiguse ufunguo mpaka programu iseme imemaliza. Kabla ya kuandika chochote, soma na uhifadhi faili ya asili.

Kisanduku kikae mahali pakavu, mbali na joto la bomba, na waya wake wa ardhi uende moja kwa moja kwenye nguzo hasi ya betri. Ardhi mbaya ndiyo chanzo cha tabia za ajabu ambazo mafundi huzitafuta wiki nzima. Kama unawasha injini ndani ya gereji, fungua milango yote; moshi wa petroli una gesi inayoua bila harufu.

Kurekebisha, seli kwa seli

Jedwali la kisanduku kama Power Commander linaonekana kama daftari: mistari ni mizunguko ya injini, kila hatua 250, na safu ni ufunguzi wa gesi, 0, 2, 5, 10, 20, 40, 60, 80, 100. Kila seli, yaani kila chumba cha jedwali, ina namba ya asilimia ya mafuta ya kuongeza au kupunguza. Usianze na sifuri kote. Anza na ramani iliyo karibu zaidi na pikipiki yako, kisha endesha kwa upole mpaka injini ipate joto kamili.

Chukua mfano huu. Mzunguko 4,000, gesi asilimia 20, seli ina 4. Sensa pana inasoma 14.6 na wewe unataka 13.2. Gawanya 14.6 kwa 13.2: unapata 1.106. Zidisha kwa 1.04 iliyopo: 1.15. Namba mpya ya seli ni 15. Mimi huandika kwanza nusu ya ongezeko, yaani 9 au 10, napima tena, ndipo namalizia, kwa sababu usomaji mmoja unaweza kuwa wa bahati. Seli za jirani zipandishwe taratibu pia. Ukiacha 15 ikizungukwa na 4, utaisikia pikipiki ikishtuka unapopita hapo.

Anza na seli za chini, zile za gesi 2 hadi 20, kwa sababu ndizo unazotumia mjini karibu muda wote. Watu hukimbilia gesi 100 wakati hawaifungui hata dakika moja kwa wiki. Kwa gesi kubwa tafuta barabara iliyonyooka na tupu asubuhi mapema, vuta kwa gia ya tatu kwa sekunde chache tu, na usiangalie skrini ukiwa mwendoni. Rekodi, simama, soma. Ukiona uwiano wa 14 au zaidi gesi ikiwa wazi yote, achia mara moja na uongeze mafuta kabla ya kujaribu tena. Ukitumia moduli inayojirekebisha, iwekee kikomo cha asilimia 10 hadi 15 ya mabadiliko, ili sensa ikiharibika isije ikaharibu ramani nzima.

Cheche inakuja mwisho, mafuta yakishatulia, na kwa digrii 1 tu kila mara. Kama hakuna daino wala namna ya kusikia mgongano kwa uhakika, iache ya kiwandani.

Baadaye, katikati ya kiangazi na mwanzoni mwa mvua, safisha filta na urekodi safari moja fupi ya kulinganisha. Namba zikiwa zimesogea kwa sehemu chache za kumi, hazihitaji kitu. Zikisogea kwa 1 au zaidi, tafuta kwanza uvujaji, filta na pampu, ndipo ufungue jedwali. Faili ya asili na ramani yako ya sasa ziwe mahali pawili, kwako na kwa fundi wako, zikiwa na tarehe na kituo ulichojaza esanse.